STI ya 2004 na ndoto ya hospawa 400: uanzie wapi?

Swali limetoka kwa kijana wa Arusha, ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Nimepata Impreza WRX STI ya 2004, imetoka Japani, injini EJ207, gia sita, imetembea kilomita 140,000. Nataka ifike hospawa 400. Nimeambiwa nifunge turbo kubwa, ekzosi ya inchi 3, eyakilina ya wazi, na nibadilishe manifoldi ili ipige ile sauti ya Subaru maana yangu haina. Hela ya kuanzia ninayo ila haitoshi kufanya vyote. Nianze na kipi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa gari. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hii gari naipenda na sitaki kusikia imelala juu ya mawe nyuma ya garaji ya mtu, maana STI nyingi ninazozijua ndo zilikoishia, na karibu zote zilianza na orodha kama hiyo yako, kwa mpangilio huohuo.

Jibu la haraka ni hili: turbo iwe ya mwisho kabisa. Anza na kujua hali ya injini uliyonunua, fuata oili, breki na tairi, halafu ekzosi na tuni (kupanga upya kompyuta ya injini) vifanyike siku moja, halafu endesha hivyo mwaka mzima. Sasa nieleze kwa nini.

Injini yako ni cc 1994, pistoni ina kipenyo cha milimita 92 na inatembea milimita 75. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza lita 6,000 za hewa kwa dakika, yaani lita 100 kila sekunde, na hapo turbo bado hatujaihesabu. Turbo kazi yake ni kuishindilia hewa ili kwenye nafasi ileile iingie nyingi zaidi. Kwa hiyo watu wanaona turbo ndo nguvu, kumbe turbo inaleta hewa tu, na hewa peke yake haina faida mpaka ikutane na mafuta ya kutosha na plagi iwashe kwa wakati wake. Ukileta hewa nyingi halafu mafuta yakabaki yaleyale na wakati wa kuwasha ukabaki uleule, nguvu utaiona kweli, wiki ya kwanza utafurahi sana, wiki ya tatu utanipigia simu.

Kwenye mwendo wa kawaida petroli inaungua vizuri kwa hewa sehemu 14.7 na mafuta sehemu 1. Ukikanyaga mpaka mwisho turbo ikiwa imejaa, injini kama hii tunaipeleka karibu na 11 kwa 1, tunaizidishia mafuta makusudi, kwa sababu yale mafuta ya ziada yanapoza ndani ya silinda. Ikikosa huo ubaridi mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na hapo pistoni inapigwa nyundo. Hiyo ndo noki ya moto. Usiichanganye na ile tunayosema mtaani "injini imenoki", ile ni beringi za konrodi zimekwisha na chuma kinagonga chuma, inasikika mpaka nje ya geti. Noki ya moto mara nyingi huisikii kabisa ukiwa umefunga vioo na redio inaimba, sensa inaisikia, wewe hapana.

Naongea kitu kilichonikuta. Mwaka 2013 nilikuwa na WRX yangu mwenyewe hapa Dar, nikafunga ekzosi ya inchi 3 na eyakilina ya wazi, tuni nikasema nitafanya mwisho wa mwezi nikipata hela. Gari ikawa nyepesi ajabu. Jumapili moja asubuhi niko barabara ya Bagamoyo, gia ya nne, nimekanyaga kwa sekunde labda kumi, sikusikia mlio wowote, nikaona tu moshi wa bluu kwenye kioo na gari ikaanza kutetemeka ikiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa. Nilipoifungua, silinda namba 4, ambayo kwenye hizi injini ndo ina sifa ya kupata joto kuliko wenzake, pistoni yake ule ukuta mwembamba unaoshika ringi ulikuwa umekatika kipande kama ukucha wa kidole gumba, na kile kipande kilikuwa kimechora silinda kutoka juu mpaka chini, mistari unaigusa kwa kucha na kucha inakwama. Pistoni nyingine tatu zilikuwa safi. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu, kwa sababu nilijua kabisa ni kitu gani kimeiua, ni ule mwezi mmoja wa kusubiri tuni.

Na hapo nikuambie kuhusu hiyo eyakilina ya wazi, achana nayo. Subaru yako inapima hewa kwa sensa iliyokaa kwenye bomba, na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inajua kipenyo cha lile bomba. Ukiweka bomba pana zaidi, hewa inapita taratibu mbele ya sensa, sensa inatoa taarifa ya hewa kidogo kuliko iliyopita kweli, kontroboksi inatoa mafuta kidogo. Umejiletea ukame wa mafuta kwa hela yako mwenyewe. Juu ya hapo inavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti, na kwa vumbi la huko kwenu, ukitoka lami kidogo tu kuelekea Monduli, zile filta za kitambaa zinazopakwa mafuta zinapitisha vumbi laini na mafuta yake yanaenda kukaa kwenye sensa. Boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi vinatosha kabisa mpaka huko mbali unakotaka kwenda.

Kuhusu sauti. Yako haina ule mngurumo kwa sababu STI za Japani za miaka hiyo zina turbo ya milango miwili na manifoldi (mabomba ya kutoa moshi kwenye injini kwenda kwenye turbo) ya urefu sawa. Mpangilio wa kuwaka wa EJ ni 1-3-2-4, silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande mwingine. Wajapani wakapitisha mabomba chini ya injini ili 1 na 2 ziingie mlango mmoja wa turbo, 3 na 4 mlango wa pili, kila mpigo wa moshi unafika bila kugongana na mwenzake na turbo inaamka mapema. Ule mngurumo watu wanaoupenda unatoka kwenye manifoldi za mabomba yasiyolingana, mipigo inafika kwa kupishana vibaya. Anayekuambia ubadilishe anataka utoe kitu bora kabisa cha gari yako ili upate kelele, na manifoldi hiyo hata kwenye turbo yako haikai, itabidi ubadilishe na turbo. Kama unaona ni ya kimya sana ekzosi ya nyuma itaifungua sauti, ila huo mtindo wa kiwandani uuache.

Sasa mlima. Hili ni muhimu kwako kuliko kwa mtu wa Dar na sijaona mtu anawaambia vijana wa Arusha. Mko kama mita 1,400 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa huko ni kama bar 0.85, huku kwetu ni bar 1.01. Geji ya turbo inasoma kile kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo geji ikisoma 1 huku injini inapata jumla ya bar 2 na chenji, ikisoma 1 huko inapata 1.85. Ndo maana gari huko inajisikia imelegea kidogo, na ndo maana mtu anaongeza busti, yaani msukumo wa turbo, mpaka ijisikie kama ya pwani. Ila ili ufikishe ile bar 2 ukiwa Arusha, turbo inabidi iishindilie hewa karibu mara 2.35 badala ya mara 2, izunguke kwa kasi zaidi, itoe hewa ya moto zaidi, na hewa ya moto ndo mama wa noki. Kontroboksi ya kiwandani inajua habari za mlima na inajirekebisha. Ile vali ya kuzungusha kwa mkono ambayo wengine wanafunga kuongeza busti haijui kitu. Ukiiweka 1.2 Arusha injini inapata 2.05, ukishuka nayo Dar, joto la Februari, ileile 1.2 imekuwa 2.2, na hiyo ramani ya mafuta hakuna mtu aliyewahi kuipima kwenye msukumo huo. Watu wanatoka Arusha gari nzima, inafia Chalinze, wanasema mafuta yalikuwa machafu. Kwa hiyo usifunge vali ya mkono, busti iendeshwe na kontroboksi, na umwambie anayekutuni kwamba gari inashuka pwani.

Mlima huohuo unachanganya watu kwenye kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Fundi atakuja na namba ya kwenye kitabu, namba ya usawa wa bahari, gari ya Arusha itasoma chini yake kwa kama asilimia 15 hata ikiwa mpya, halafu anakuambia injini imechoka ifunguliwe. Usikubali. Angalia silinda nne zinalinganaje, tofauti isizidi asilimia 10 kati ya kubwa na ndogo, injini ikiwa ya moto, betri imejaa, plagi zote zimetolewa na umekanyaga mafuta mpaka chini. Ikiwa moja imeanguka omba wapime na kuvuja, yaani waingize upepo kwenye silinda wasikilize unatokea wapi, ukitokea kwenye kifuniko cha oili ni ringi, ukitokea ekzosi au kwenye kuvuta hewa ni valvu, ukitoa mapovu kwenye rejeta ni hedi gasketi. Hicho kipimo ndo cha kwanza kabisa, kabla hujanunua hata bolti moja.

Oili. EJ haifi kwa nguvu nyingi, inakufa kwa oili na joto. Inachukua kama lita 4 na nusu, na ikipungua lita moja tu halafu ukaikata kona ndefu kwa kasi, oili inahamia upande mmoja wa sampo (bakuli la oili chini ya injini), pampu inavuta hewa kwa nusu sekunde, na nusu sekunde kwenye mzunguko 7,000 inatosha kula beringi. Ndo kunoki kwenyewe huko. Pima kila unapojaza mafuta, gari ikiwa kwenye tambarare, kwa sababu injini imelala na mteremko mdogo tu unakudanganya. Weka sintetiki 5W-40 ya kweli, nunua kwa mtu unayemwamini maana feki ni nyingi, badilisha kila kilomita 5,000. Sampo ikishafunguliwa bomba la kuvutia oili liangaliwe pale lilipochomelewa, hizi injini zinajulikana kwa kupasuka hapo, na ukiweza kubadilisha lenye nguvu zaidi badilisha. Pia kwenye mabomba ya kupeleka oili kwa turbo na kwenye valvu, angalia zile bolti zenye tundu ndani, baadhi zina wavu mdogo kama wa chujio la chai, ukijaa uchafu turbo inakauka na kufa halafu mtu anasema turbo za Subaru ni mbovu.

Mkanda wa taimingi: kilomita 140,000 na huna kumbukumbu, badilisha kesho. Mkanda, tenshena, vipuli vyote na pampu ya maji kwa pamoja. Ukikatika valvu na pistoni zinakutana.

Breki na tairi najua unaona haya ni mambo ya wazee. Gari inayotoka 80 kwenda 120 nguvu inayotakiwa kuisimamisha inaongezeka mara 2.25, haiongezeki nusu kama watu wanavyodhani. Kaliper zako za Brembo za kiwandani ni nzuri mno, huhitaji kubwa zaidi, unahitaji pedi nzuri na mafuta mapya ya breki. DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishavuta unyevu wa hewa inashuka mpaka 155, na kama yako haijabadilishwa tangu Japani basi uko huko chini, ukiteremka mlima mrefu nyuma ya malori pedali itaingia mpaka sakafuni na hakuna cha kufanya. Tairi, inama usome kwenye ubavu, baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho kwenye kiduara. Ikiandika 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Tairi za mtumba zina kashata nene zinapendeza na raba yake imekuwa plastiki, kwenye mvua ya Aprili hizo hospawa zote 280 hazina pa kukanyaga. Na 280 ndo namba iliyoandikwa kwenye STI zote za Japani za wakati huo, si kwa bahati, watengenezaji wa kule walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo mpaka 2004.

Ukimaliza hayo ndo raha inaanza. Ekzosi ya inchi 3 kutoka kwenye turbo kwenda nyuma ndo kitu cha kwanza cha kununua, maana turbo inapumua na inaamka mapema zaidi, ila hapohapo busti inaweza kupanda yenyewe kupita ilikopangwa, kwa hiyo siku inayofungwa ekzosi gari isitoke bila tuni. Hata kwa kwenda tu nyumbani. Tuni yenyewe ni laptopu, kebo, sensa ya waidibendi kwenye ekzosi ya kusoma mchanganyiko, na mtu mwenye subira. Kuna programu ya bure inaitwa RomRaider, unaweza ukajifunza kurekodi mwenyewe mwendo, busti, mchanganyiko na sensa ya noki, na nakushauri ujifunze hata kama tuni utafanyiwa, kwa sababu fundi akikuambia iko salama unamwomba akuonyeshe kwenye rekodi. Asiyekubali kukuonyesha rekodi usimwachie ufunguo.

Tuni ifanyike kwa mafuta utakayotumia kila siku. Kule Japani STI yako ilikuwa inanywa mafuta ya oktani 98 mpaka 100, ramani ya kiwandani imeandikwa kwa hayo, petroli ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko, kwa hiyo hata ikiwa haijaguswa kontroboksi inapambana na noki kimyakimya na inapunguza nguvu. Ndo maana tuni nzuri ya mafuta ya hapa inaweza kukupa gari tamu zaidi hata bila kuongeza busti. Zile chupa za kuongeza oktani soma vizuri, ikiandika inaongeza pointi 30 maana yake oktani 3 tu, sio 30. Na kuna wanaochanganya mafuta ya ndege ndogo, hayo yana risasi ndani, yanaua sensa za ekzosi na ile waidibendi uliyoinunua kwa shida.

Ukipata mashine ya daino, ile ya kupima nguvu ya gari, uliza imewekwa masahihisho ya aina gani. Masahihisho ya mlima yametengenezwa kwa injini zisizo na turbo, ukiyaweka kwenye gari ya turbo Arusha yanakupa karatasi tamu yenye hospawa ambazo barabarani hazipo. Omba namba isiyosahihishwa, ya kabla na ya baada, siku moja, mashine moja. Tofauti kati ya hizo mbili ndo ukweli.

Sasa hiyo 400. Inawezekana, ila inataka pistoni na konrodi za kufuliwa (forged), turbo, injekta, pampu ya mafuta, klachi, rejeta ya oili, intakula (ya kupoza hewa ya turbo) kubwa, na mafuta ambayo huyapati kituo chochote njiani kati ya Arusha na Dar. Mimi kwa pampu ya hapa na injini isiyofunguliwa siendi zaidi ya 320, na hiyo 320 yenye busti inayokuja mapema itakupa gari ambayo hukuwahi kuiwazia. Impreza alizoshinda nazo Safari Rally Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 zilikuwa zimefungiwa pumzi kwa tundu la milimita 34 mbele ya turbo, nguvu yake ilikuwa hapo kwenye 300 tu. Walichofanya wahandisi wao ni kutafuta msukumo mkubwa kwenye mizunguko ya chini na kuhakikisha gari inafika. Kwa barabara zetu sijaona mtu aliyegundua kitu bora kuliko hicho.

Kwa hiyo fanya hivi: wiki hii kapime kompresheni, uniandikie namba nne kwa mpangilio wa silinda, uniambie oili ilikuwa wapi kwenye kijiti kabla hujaiongeza, na zile tarakimu nne za kila tairi. Manifoldi mwambie huyo jamaa umeahirisha.